VYOMBO VYA KIDIJITALI NA MAENDELEO YA VIJIJI YASIYOONGEZA HEWA UKAA
Mambo ambayo chama cha msingi hakina budi kuyajua

Tangu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waungane mwaka 1925, na chama kikuu chao kuandikishwa mwaka 1933, chombo cha kwanza cha kila chama cha msingi cha mazao kimekuwa mizani, na cha pili kimekuwa daftari. Leo vyombo hivyo viwili vinabadilika sura. Mizani ya umeme hutoa stakabadhi yenyewe, daftari limeanza kuhamia katika kompyuta na simu, na shamba la mwanachama huweza kutazamwa kutoka angani.

Wakati huohuo, mataifa yamekubaliana kupunguza hewa ukaa inayoongeza joto la dunia. Mambo hayo mawili yamekutana kijijini, na mara nyingi yamekutana katika ofisi ya katibu wa chama, ambaye huletewa fomu za kupima mashamba, mitambo ya umeme wa jua na mikataba ya kaboni kabla hajaelezwa maana yake. Makala haya yanaeleza namna vyombo vya kidijitali vinavyoweza kukisaidia chama kukuza mapato bila kuongeza moshi, na mahali ambapo vyombo hivyohivyo vinaweza kumpokonya mwanachama haki yake asipokuwa mwangalifu.

MAANA YA MANENO

Hewa ukaa ni gesi inayotoka kitu chenye kaboni kinapoungua au kuoza: kuni, mkaa, mafuta ya taa, dizeli, na miti inayofyekwa na kuchomwa. Gesi hiyo ikizidi angani huzuia joto la dunia lisitoke. Ziko gesi nyingine zenye kazi hiyohiyo. Methani hutoka katika uchafu unaooza pasipo hewa, kama vile maji machafu ya mitambo ya kumenya kahawa yanapotuama. Oksidi ya nitrasi hutoka katika mbolea ya chumvichumvi iliyowekwa vibaya. Kilo moja ya gesi hii ina nguvu ya kutunza joto kiasi cha mara 273 ya kilo moja ya hewa ukaa, ikipimwa kwa muda wa miaka 100.

Maendeleo yenye kaboni kidogo, basi, ni kuongeza mavuno na mapato bila kuongeza mafuta yanayochomwa, kuni zinazokatwa na misitu inayofyekwa. Vyombo vya kidijitali ni vyombo vinavyotunza na kupeleka habari kwa njia ya tarakimu: simu ya mkononi, kompyuta, mizani ya umeme na setilaiti.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba simu haipunguzi moshi. Simu hutoa habari. Moshi hupungua pale mtu anapoitumia habari hiyo kuacha safari isiyo ya lazima, kuweka mbolea kwa kipimo, au kubadili pampu. Chama kitakachonunua simu na kompyuta bila kubadili utaratibu wa kazi kitakuwa kimeongeza gharama tu.

Yafaa pia ieleweke kwamba mkulima mdogo wa Afrika Mashariki siye aliyeijaza hewa ukaa angani. Sehemu kubwa imetokana na nchi za viwanda katika muda wa zaidi ya karne moja. Chama cha msingi kinaingia katika jambo hili kwa sababu zake chenyewe. Mafuta yanayookolewa ni fedha za wanachama, udongo na maji yanayohifadhiwa ni yao, na wanunuzi wa mazao wameanza kudai uthibitisho wa hali ya mashamba.

KUMBUKUMBU SAHIHI HUOKOA MAFUTA

Chama chenye vituo vingi vya kununulia mazao kina desturi ya kupeleka lori kila kituo kwa siku zilizopangwa. Mara nyingi lori hufika na kukuta magunia machache, hurudi likiwa nusu, na kesho yake hupelekwa tena. Makarani wa vituo wakiandika mapokezi katika simu kila jioni, katibu huona ofisini uzito uliomo katika kila ghala, na hupeleka lori pale tu mzigo unapotosha.

Ichukuliwe hesabu ya mfano. Lori linalotumia lita 30 za dizeli kwa kilomita 100, likienda na kurudi kilomita 60, huchoma lita 18. Chama kikiokoa safari 20 katika msimu kitakuwa kimeokoa lita 360. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa hewa ukaa ipatayo kilo 2.7, kwa hiyo lita 360 ni karibu tani moja nzima. Katibu anaweza kuweka bei ya dizeli ya kijijini kwake na kupata fedha zilizobaki katika mfuko wa chama. Hesabu hiyo haihitaji mkataba na mtu yeyote wala haisubiri mnunuzi wa ng'ambo.

Mizani ya umeme inayotoa stakabadhi na kumpelekea mwanachama ujumbe wa simu ina faida nyingine, nayo ni amani. Ugomvi mwingi wa vyama umetokana na tofauti kati ya uzito wa kituoni na uzito wa ghala kuu. Mwanachama akipata kumbukumbu yake papo hapo, na karani akabaki na yake, tofauti itakayotokea njiani hujulikana imetokea wapi. Lakini mizani ya umeme nayo huweza kukosewa au kuchezewa. Hivyo haina budi kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kama mizani nyingine yoyote.

Malipo kwa njia ya simu, yaliyoanza nchini Kenya mwaka 2007 kwa huduma ya M-Pesa na kuingia Tanzania mwaka 2008, yamempunguzia mkulima safari ya mjini. Minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania imewawezesha wanunuzi kushindana bila kufika ghalani; katika msimu wa 2024/2025 korosho ziliuzwa kwa mfumo huo. Pamoja na hayo, kamati haina budi kuwaeleza wanachama ada za kutoa fedha, kwa maana malipo yaliyotumwa katika vipande vidogo vingi huweza kuliwa na ada.

Habari za hali ya hewa nazo ni akiba. Mbolea ya urea ikimwagwa juu ya udongo wenye joto bila kufukiwa, sehemu ya nitrojeni yake hupotea hewani. Ikiwekwa katika udongo uliojaa maji, nyingine hugeuka kuwa oksidi ya nitrasi. Katibu anayepokea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kuusambaza kwa wanachama kwa ujumbe mfupi huwawezesha kungoja siku inayofaa. Mkulima hupata mahindi zaidi kwa mfuko uleule, na gesi hupungua. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku imetolewa kwa wakulima walioandikishwa katika mfumo wa kidijitali. Kwa hiyo usahihi wa jina, namba ya simu na ukubwa wa shamba umekuwa jambo la fedha kwa kila kaya.

UMEME WA JUA KWA MALIPO YA KIDOGO KIDOGO

Katika vijiji vingi mtambo mdogo wa umeme wa jua huuzwa kwa mkopo wa simu. Mtambo una bamba la kupokea jua, betri, taa, na kisanduku chenye kufuli la kielektroniki. Mteja hutanguliza fedha, kisha hulipa kila siku au kila wiki kwa simu. Malipo yakipokelewa, kisanduku hufunguliwa kwa siku zilizolipiwa. Siku zikiisha, taa huzimika. Deni likimalizika kufuli huondolewa na mtambo huwa mali ya mteja. Bila vyombo vya kidijitali biashara hii isingewezekana, kwa sababu kumfuata kila mdaiwa kijijini kungegharimu kuliko deni lenyewe.

Faida ni dhahiri: mafuta ya taa huachwa, watoto husoma bila moshi, na simu huchajiwa nyumbani. Lakini wanachama hawana budi kufundishwa kupiga hesabu ya bei nzima. Kwa mfano, mtambo unaotangulizwa shilingi 30,000 na kulipiwa shilingi 1,000 kwa siku kwa siku 600 utagharimu shilingi 630,000. Ikiwa mtambo wa namna hiyohiyo dukani ni shilingi 400,000 taslimu, mteja amelipa shilingi 230,000 zaidi kwa ajili ya kukopeshwa.

Hapo ndipo ushirika una nafasi yake. Chama cha akiba na mikopo kikimkopesha mwanachama shilingi 400,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikihesabiwa juu ya mkopo wote, kwa miezi 20, riba itakuwa shilingi 120,000 na jumla itakuwa shilingi 520,000. Mwanachama ataokoa shilingi 110,000, na riba aliyolipa itabaki katika chama chake na kurudi katika gawio. Chama kikinunua mitambo mingi kwa pamoja kinaweza pia kudai bei ya jumla, dhamana ya maandishi na fundi wa karibu. Anayekopa kwa chama hupoteza, hata hivyo, wepesi mmoja: mtambo wa kufuli humruhusu akae gizani wiki mbili asipokuwa na fedha, bila kufuatwa na mtu. Mkopo wa chama hauna budi kupangwa urejeshwe wakati wa mavuno, si kila mwezi, ili usimlemee mkulima wa zao la msimu.

Pampu za jua za kumwagilia zina hesabu ya namna hiyo. Bei yake ya kununua ni kubwa kuliko ya pampu ya dizeli, lakini haina mafuta ya kila siku. Iko hatari moja isiyotajwa na wauzaji: kwa kuwa jua halilipiwi, mkulima huweza kuvuta maji kutwa nzima, na visima vya jirani vikakauka. Pampu za chama hazina budi kufungiwa mita, na zamu za maji kusimamiwa na kamati, kama ilivyokuwa desturi katika mifereji ya zamani. Betri zilizokufa nazo zisitupwe shambani. Zikusanywe ofisini na kurudishwa kwa muuzaji.

Katika maeneo ya tumbaku, ambako kuni nyingi huteketea katika mabani ya kukaushia, kipimajoto sahihi na kumbukumbu ya kuni zilizotumika kwa kila bani huonyesha ni bani lipi linalovuja joto. Bani hilo likizibwa au kujengwa upya, miti hubaki msituni na wanakaya hupunguziwa kazi ya kutafuta kuni.

RAMANI ZA MASHAMBA NA SOKO LA ULAYA

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayokataza kuuzwa katika soko lake kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe, pamoja na baadhi ya bidhaa zitokanazo navyo, ikiwa vimetoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kutekelezwa, ambayo kwanza ilikuwa 30 Desemba 2024, imekwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja. Lakini tarehe ile ya 31 Desemba 2020 haikubadilishwa. Kwa vyama vya kahawa jambo hili ni kubwa, kwa kuwa Ulaya ni mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Afrika Mashariki.

Kanuni inataka mahali pa kila shamba pajulikane. Kwa mashamba ya kahawa yasiyozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, nukta moja inatosha, ikiandikwa kwa digrii zenye tarakimu zisizopungua 6 baada ya alama ya desimali. Shamba lililozidi hekta 4 lazima lichorwe mpaka wake wote. Wanachama wengi wana mashamba madogo, kwa hiyo karani mwenye simu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kusimama katikati ya shamba na kurekodi nukta.

Hata hivyo, wingi wa tarakimu usidhaniwe kuwa ndio usahihi. Tarakimu sita hutaja mahali kwa kipimo cha desimita moja hivi, lakini simu ya kawaida mahali peupe hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti hukosea zaidi. Karani hana budi kusimama mpaka kipimo kitulie, na kuhakikisha kwamba nukta haikuangukia shamba la jirani, barabara au hifadhi.

Hatari kubwa zaidi iko angani. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupiga picha ambazo alama yake ndogo kabisa ni mraba wa mita 10 kwa mita 10. Shamba la nusu ekari lina miraba kama 20 tu. Katika vihamba vya Kilimanjaro na vibanja vya Kagera, kahawa huota chini ya migomba na miti mirefu ya kivuli. Kutoka juu, shamba la namna hiyo huweza kuonekana kama msitu. Mkulima akikata miti miwili ya kivuli ili kujenga nyumba, kompyuta iliyoko mbali huweza kuandika kwamba msitu umefyekwa. Hivyo mkulima aliyeitunza miti kuliko wengine huweza kushitakiwa kuliko wengine.

Kinga ipo, na iko katika kabati la chama. Kanuni yenyewe inasema ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo haihesabiwi kuwa msitu, na kilimo mseto kimo katika matumizi hayo. Kwa hiyo chama kinachoweza kuonyesha kwamba mwanachama alileta kahawa kutoka shamba lile kabla ya mwaka 2020 kina ushahidi wa kuipinga picha ya angani. Madaftari ya zamani ya mapokezi, kadi za wanachama na stakabadhi za miaka iliyopita vina thamani mpya. Visichomwe wala kuuzwa kwa wafunga vitumbua. Vipigwe picha kwa simu, vipangwe kwa mwaka na kwa jina, na nakala zake zihifadhiwe mahali pawili.

MALIPO YA KABONI

Mti unapokua huvuta hewa ukaa na kuiweka kaboni katika shina, matawi na mizizi. Makampuni na serikali zinazotaka kufidia moshi wake hununua hati zinazothibitisha kwamba tani fulani ya hewa ukaa imevutwa au imezuiwa. Hati moja ni tani moja.

Hesabu yake si siri. Unene wa mti hupimwa katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na kwa kanuni za hesabu uzito wake mkavu hukadiriwa. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na kila kilo moja ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa. Ichukuliwe miti 100, kila mmoja wenye kilo 200 kavu baada ya miaka 15. Jumla ni tani 20; kaboni ni tani 10; hewa ukaa ni tani 36.7. Ukigawanya kwa miaka 15 unapata tani 2.45 kwa mwaka. Kama bei ya mfano ni dola 5 kwa tani, miti hiyo 100 ina thamani ya dola 12 na kidogo kwa mwaka, kabla ya kutoa gharama za kupima, kukagua na kuuza.

Mifano halisi inaonyesha jambo hilohilo. Mpango wa TIST, ulioanza Mpwapwa mwaka 1999 na kuenea hadi Kenya, Uganda na India, uliwapanga wakulima katika vikundi vidogo, ukatumia kompyuta za mkononi na vipimo vya setilaiti kuhesabu miti yao. Wakulima waliahidiwa malipo ya awali ya senti 2 za dola kwa kila mti ulio hai kwa mwaka, na asilimia 70 ya faida ya mauzo. Magharibi mwa Kenya, mradi wa kaboni ya udongo ulioendeshwa na shirika la Vi Agroforestry pamoja na Benki ya Dunia ulipata hati zake za kwanza mwaka 2014: tani 24,788. Hesabu hiyo ingegawanywa kwa wakulima 20,000 tu, kila mmoja angepata tani moja na robo hivi. Faida iliyo nene zaidi ya kazi kama hizo imo shambani: kivuli, kuni za karibu, malisho, mbao, na udongo unaoshika maji.

Kwa hiyo katibu akimsikia mgeni akiahidi utajiri wa kaboni, na aulize maswali haya kabla kalamu haijashikwa. Mkataba ni wa miaka mingapi, na je, mwanachama akifa warithi wake wamefungwa? Mwanachama ataruhusiwa kukata mti wake kwa ajili ya ada ya shule au ugonjwa? Asilimia ya mkulima inahesabiwa kabla ya gharama au baada yake, na nani anazikagua gharama hizo? Moto au ukame ukiangamiza miti, nani anabeba hasara? Na nakala ya mkataba imeandikwa kwa Kiswahili?

Sheria zimeanza kuwalinda wananchi. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya ilirekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023, ikaagiza kwamba miradi ya ardhi inayofanyika katika ardhi ya umma au ya jumuiya itoe kwa jumuiya angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Mradi ambao mwenyewe hataki upelekwe kwa afisa ushirika na kwa mwanasheria wa Chama Kikuu unajitangaza wenyewe.

TAARIFA ZA MWANACHAMA NI MALI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi daftari lenyewe limekuwa mali. Orodha yenye majina, namba za simu, mipaka ya mashamba, idadi ya miti na mavuno ya kila mwaka ina thamani kwa mnunuzi wa kahawa, kwa muuzaji wa mitambo, kwa benki na kwa mfanyabiashara wa kaboni. Mara nyingi wageni hujitolea kupima mashamba bila malipo, kisha huondoka na ramani. Mwaka unaofuata chama kikitaka kubadili mnunuzi hujikuta hakina ramani za wanachama wake, na hakina budi kupima upya au kubaki na mnunuzi yuleyule kwa bei anayoitaka yeye.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 2022, inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa sababu gani. Katika chama jambo hilo linatakiwa kuwa la kawaida: mwanachama aelezwe, akubali, na apewe nakala. Mgeni anayepima apewe ruhusa ya kutumia ramani kwa kazi iliyotajwa na kwa muda uliotajwa; ramani yenyewe iwe ya chama na ya mwanachama.

Usawa nao usisahauliwe. Katika kaya nyingi shamba limeandikwa kwa jina la mume na simu ni ya mume, ilhali mkono unaopalilia ni wa mke. Daftari la kidijitali likirithi desturi hiyo, mbolea, ujumbe na malipo vyote vitapita upande mmoja. Chama kiandike majina ya wote wawili wanaolima. Kwa wazee na wanachama wasio na simu, stakabadhi ya karatasi iendelee kutolewa, na ubao wa matangazo usiondolewe ukutani. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea siku ya kununua mazao, karani awe na kitabu cha akiba. Mkulima aliyetembea na gunia saa mbili asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mashine.

HATUA ZA KUCHUKUA

Chama kisijaribu kuyafanya yote kwa mwaka mmoja. Utaratibu ufuatao unafaa:

1. Kuyapanga na kuyapiga picha madaftari ya zamani. Kazi hii haihitaji ila simu moja, karani mmoja na mwezi mmoja wa msimu usio na kazi nyingi.

2. Kulisafisha daftari la wanachama: majina, namba za kadi, waliofariki na warithi wao, wanaolima pamoja. Taarifa hizi ndizo pia zitakazotumika katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kosa lililomo daftarini likiingizwa katika kompyuta huendelea kuwa kosa, ila litasambaa upesi zaidi.

3. Kupima mashamba kwa vijana wa chama chenyewe waliofundishwa, mwanachama na jirani zake wakiwapo shambani.

4. Kuandika kila lita ya mafuta na kila mzigo wa kuni unaotumiwa na chama kwa msimu mmoja. Bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayejua kama kuna kilichopungua.

5. Kupeleka mbele ya mkutano mkuu kila mkataba unaohusu mitambo ya mkopo, ramani au kaboni, ukasomwa kwa sauti kwa Kiswahili, na maswali ya wanachama yakaandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

6. Kutoa taarifa ya mwaka inayoonyesha gharama za vyombo vya kidijitali upande mmoja na akiba iliyopatikana upande wa pili. Chombo ambacho kwa misimu miwili hakijarudisha gharama yake kiachwe.

Katika hatua zote sita, mwenye chama ni mwanachama. Karani anayejua kutumia kompyuta ana uwezo ambao katibu wa zamani hakuwa nao, na uwezo huo usipokaguliwa huzaa wizi wa aina mpya, usioacha karatasi. Kamati ya usimamizi na wakaguzi wa hesabu hawana budi kujifunza kusoma daftari la kompyuta kama walivyojifunza kusoma kitabu cha fedha. Mafunzo hayo yaanze kabla ya msimu ujao wa kununua mazao, na gharama yake iingizwe katika makisio ya mwaka, mstari wake ukionekana wazi kwa kila atakayeinua mkono kuyapitisha.